Fildi ya Mwaisha

Mwaisha anajua kupanga mambo. Hata wanaomsema vibaya hapa Mkuyuni wanalikubali hilo. Alipata nafasi ya kusomea usaidizi wa tiba ya viungo mjini Morogoro huku akimuuguza bibi yake, Bi Chiku, ambaye kiharusi kilimlegeza upande mmoja wa mwili. Akawabembeleza walimu mpaka masomo ya darasani yote yakaangukia siku ambazo mimi, jirani yao, ningeweza kukaa na bibi.

Kilichokataa kupangika ni fildi, mafunzo ya vitendo. Muhula wa mwisho mwanafunzi anahamia hospitali huko huko mjini, na bila fildi hakuna cheti. Basi Mwaisha akaamua kwamba kabla ya fildi, Bi Chiku awe anatembea.

Sisi Waluguru tunafuata ukoo wa mama. Mama yake alishafariki, kwa hiyo nyumba, mashamba ya ndizi na makaburi vilimsubiri yeye, binti pekee wa tumbo lile. Wapo waliomwonea wivu. Wivu wa nini? Binti hakuulizwa kama anavitaka.

Mjomba wake, Yunusi, mtoto wa Bi Chiku, ndiye msemaji wa ukoo. Alitamka mbele ya wote: "Mama akisimama mwenyewe, nenda. Asiposimama, utabaki. Nyumba ya ukoo haifungwi kufuli."

Kila asubuhi Mwaisha alimnyoosha bibi magoti na kumsimamisha akishika kiti.

"Mke mwenzangu, utaniua," bibi alilalamika.

"Siwezi kukuua, bibi, nitabaki na nani wa kunigombeza?"

Kilipokaribia kikao cha ukoo cha kuamua kama Mwaisha aende, tulirudi pamoja kutoka barabarani tukapitia uani. Bi Chiku alikuwa jikoni, wima, anakoroga uji. Aliposikia viatu vyetu aliweka mwiko chini, akatembea hadi mkekani, akaketi na kujifunika khanga miguuni. Nilitaka kupiga kelele. Mwaisha alinibana mkono.

"Mwache, Mama Thobias. Atasimama mwenyewe mbele ya mjomba."

Siku ya kikao sebule ilijaa. Yunusi alisema, "Mama, simama tukuone."

Bi Chiku alitikisa kichwa. "Miguu haina nguvu, baba."

Hasira zilinipanda. "Bi Chiku! Juzi si ulikuwa jikoni unapika uji?"

"Mama Thobias," Yunusi alinikata, "haya ni mambo ya ukoo." Akamgeukia mpwa wake. "Mwaisha, wewe umemwona anatembea?"

Kusema ndiyo ni kumwita bibi mwongo mbele ya ukoo mzima. Bi Chiku alikuwa anamtazama. Sijawahi kumwona mtu mzima anaogopa vile kuachwa.

"Sijamwona, mjomba," Mwaisha alisema.

Kikao kikaisha hapo. Wali ukaletwa, watu wakala. Mwaisha alimwinua bibi kama alivyofundishwa chuoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine chini ya kwapa, akampeleka chumbani taratibu, na wote wakamsifu kwa kazi nzito anayoifanya.

Alipotoka nilimfuata uani. Nilitaka nimpe pole. Alikuwa ananyoosha vidole vya mkono wake na kuvikunja.

"Hakuniegemea hata kidogo," aliniambia.