Tenga la Loisi na Kindi Wekundu wa Nzuguni

Ukoo wa Matonya wa Nzuguni ni watani wetu, kwa hiyo nikimsifu mtu wao ieleweke kwamba nimelazimika. Sisi na wao tukikutana njiani tunatukanana kwa raha zetu. Tunanyang'anyana kuku mchana kweupe na hakuna wa kushtaki. Wakifiwa, sisi ndio tunaokwenda kuwachekesha makaburini na kuwafanyia zile kazi ambazo mwiko unawakataza wenyewe. Mambo ya kusifiana hatukufundishwa. Lakini Loisi binti Matonya nitamsifu, na wakicheka na wacheke. Hakuwa mtemi wala mke wa mtemi. Alikuwa mke wa mtu, mkulima wa mtama na karanga, na msukaji wa matenga ya kubebea kuku. Jina la Loisi alipewa na wamisheni alipobatizwa. Babu yangu Kefa, aliyebatizwa naye siku moja, ndiye aliyefanya naye kazi ninayotaka kuisimulia, na haya yote nimeyapata kinywani mwake.

Kwanza ujue mwiko wao, ambao kwa Kigogo tunauita mzilo. Mzilo wa ukoo ule ni kindi. Wanasema zamani, katika njaa moja mbaya, bibi yao mmoja alikuwa amelaza watoto hana cha kuwapa. Akamwona kindi mdogo mwekundu akifukua mbegu alizozificha chini ya mkuyu. Bibi akafukua papo hapo, akapata, watoto wakaishi. Tangu hapo mtu wa ukoo ule haui kindi, hamli, wala hamgusi kwa mkono. Kila baada ya mavuno wazee hupeleka karanga kwenye kichaka cha mikuyu na mikwaju kando ya korongo, ili kindi nao wale. Maiti wao kabla ya kuzikwa hupitishwa penye kichaka hicho kuaga. Sisi watani tumewacheka vya kutosha, watu wazima na ndevu zao kwenda kulisha wanyama wasiotosha hata mboga ya mtoto. Hawajawahi kutujali.

Basi katika enzi za Wajerumani, reli ilipofika Dodoma, bwana mmoja wa kazi za reli alikuja na tundu lenye kindi wa namna nyingine. Hao walikuwa wakubwa, wa kijivu, kutoka milima yenye mvua kule mashariki. Aliwapenda kweli, akawalisha karanga kwa mkono wake. Reli iliposonga mbele kuelekea Tabora naye akahamishwa, alifungua tundu akawaacha waende. Bila shaka alidhani amewatendea hisani. Wale kindi wakakuta nafaka zinazomwagika pale stesheni magunia yanaposhushwa, wakanenepa, wakazaana, kisha wakafuata miti ya korongo hadi Nzuguni, hadi kwenye kichaka cha akina Matonya.

Hapo ndipo watani wetu walipofanya kosa ambalo duniani kote wangeweza kulifanya wao tu. Walifurahi! Mzee Matonya, baba yake Loisi, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Aliwatazama wale wa kijivu wakirukaruka mikuyuni akasema ukoo umepata baraka, kindi wamenenepa na wamevaa nguo mpya. Akaamuru karanga ziongezwe. Watu wakapeleka karanga za mbegu, wengine wakapeleka hata zile za wagonjwa. Kadiri walivyopeleka ndivyo wale wageni walivyozidi kutanuka, na hakuna aliyejiuliza wale wadogo wekundu wako wapi.

Loisi alijiuliza. Shamba lake lilipakana na korongo, na alikuwa mtu wa macho. Aliona wekundu wanapungua, kwanza kwenye mikwaju ya chini, halafu kila mahali. Asubuhi moja akiwa anapalilia alimwona wa kijivu akiingia tundu la mti lililooza ukingo, akamburura mtoto mwekundu, mchanga, hata macho hajafungua, akamla juu ya tawi. Mama mtu alizunguka shina akilia. Loisi aliacha jembe pale pale akaenda kwa baba yake.

Matonya hakutaka kusikia. Alisema kindi ni kindi, na mzilo haukuuliza rangi ya manyoya. Wazee wenzake wakamuunga mkono, na mmoja akamwuliza Loisi kama wamisheni ndio waliomtuma kuvunja mambo ya ukoo. Wengi wangenyamaza hapo. Loisi alipiga magoti mbele ya baba yake kwa adabu zote, lakini maneno hakuyamung'unya.

"Baba," alisema, "aliyempa bibi yetu mbegu alikuwa mwekundu. Huyu anamla mtoto wake, na anayemlisha apate nguvu za kumla ni sisi."

Kesho yake Matonya alikwenda peke yake kukaa korongoni, akashinda huko. Aliporudi alisukuma sahani ya ugali, akashika tama. Aliona kwa macho yake. Mzee yule alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo. Aliwaita wazee akawaambia kwamba yeye, mkubwa wao, ndiye aliyewalisha maadui wa kindi. Lakini kuwaua hawezi, na hakuna mtu wa ukoo wake anayeweza, maana hao nao bado ni kindi na mkono wa ukoo haumwagi damu ya kindi. Watu waliinamisha vichwa. Kama mambo yangeishia hapo, wekundu wangekwisha na ukoo ungebaki kuitwa ukoo uliowaangamiza waliouokoa.

Loisi ndiye aliyesema kwamba mikono mingine ipo. Watani wapo.

Ndipo akaja babu yangu Kefa. Kuitwa kwenyewe kulimfurahisha kuliko harusi. Aliingia uani kwa Matonya anacheka, akamkamata jogoo bila kuomba, akawauliza kama ni kweli ukoo mzima, wenye mikuki na ng'ombe, umeshindwa na panya mwenye mkia wa kujipepea. Wakamvumilia, hawana la kufanya, ndiyo utani. Alipomaliza kuwanyanyasa akasema kazi ameikubali.

Matonya aliweka sharti. Loisi asuke mitego, Kefa aitege na kuua. Lakini mtego usimzuie mwekundu hata mmoja. Siku atakayoonekana kindi mwekundu amekwama katika tenga la Loisi, kazi imekoma, na Loisi hatakanyaga tena kichaka maisha yake yote, wala maiti yake haitapitishwa pale. Kwa mwanamke wa ukoo ule hayo yalikuwa sawa na kuambiwa huna kwenu. Loisi alikubali, na mumewe alipomlaumu usiku huo alimwambia kwamba afadhali yeye akose kichaka kuliko kichaka kikose kindi.

Sasa, utampimaje mnyama ambaye huruhusiwi kumgusa? Loisi aliipima miti. Alizunguka mikuyu akatafuta yale matundu ambayo wekundu waliingia na wa kijivu walishindwa, akaingiza vidole vyake kupata upana. Upana huo akauacha kati ya fito za tenga, pembeni, akazisugua fito kwa jiwe zisikwaruze. Mlango wa juu ulijifunga kwa uzito wa mnyama akishaingia. Ndani waliweka karanga, zile zile karanga! Mwekundu aliingia, akala, akapenya fito akaenda zake. Wa kijivu aliingia, akala, akabaki.

Kefa alipita akiwamaliza kwa rungu, pigo moja, hakupenda kuona mnyama akiteseka. Nyama aliipika mchuzi akaila mbele ya Matonya, akimwomba chumvi. Loisi naye alikwenda mpaka stesheni kwa Mwamvua, Mrangi wa Kondoa aliyewauzia vibarua chakula pale, akamwomba afagie nafaka zinazomwagika awape kuku wake, ili wale wa kijivu wasipate pa kunenepea. Mwamvua alifagia tangu siku hiyo, kuku wake wakawa wazito, wakawa marafiki yeye na Loisi.

Mavuno yakaja, kiangazi kikapita. Wa kijivu wakawa adimu kichakani, halafu wakawa wa kusikika tu kule upande wa reli. Ndugu wengine wa Loisi bado walinung'unika kwamba ameleta watani kumwaga damu mahali patakatifu, na walikuwa wakingoja akosee. Mvua za kwanza ziliponyesha, akakosea. Au wao walidhani hivyo.

Ilikuwa karibu adhuhuri. Loisi na Kefa walikuta tenga moja limefungwa, na ndani yake alikuwa mwekundu. Alikuwa ameingiza kichwa na mabega kati ya fito, kiwiliwili kimekataa, akarudi ndani amelala anahema. Loisi alikaa chini kwenye mchanga. Babu yangu alitazama huku na huku, hakuna mtu. Akamwambia kwa sauti ya chini, bila utani safari hii, kwamba atafungua mlango, kindi ataondoka, na yeye Kefa atakufa na siri hiyo.

Loisi alikataa. "Akinaswa leo nikanyamaza, kesho atanaswa mwingine," alisema. "Tenga langu lina kosa, na wenye kindi lazima waone."

Alifunika tenga kwa kanga yake lisipigwe na jua, akalitia kichwani bila kumgusa kindi, akapita nalo katikati ya Nzuguni watu wakimtazama. Kefa alimfuata nyuma. Watu wakatoka kwenye matembe. Wale waliokuwa wakingoja akosee walifika wa kwanza. Alilitua mbele ya baba yake, akapiga magoti, akasema mwekundu amekwama, na kwamba sharti analikumbuka.

Matonya aliinama. Alitazama fito, akatazama kindi, akazunguka upande wa pili akatazama tena, kwa muda mrefu. Kisha mzee akawaita wale wanung'unikaji wasogee, akawaonyesha tumbo la kindi.

"Tangu gari moshi lifike sijamwona kindi mwekundu mwenye mimba," alisema. "Huyu hakuzuiwa na tenga. Amezuiwa na wanawe."

Matonya alimwambia Loisi alibebe tenga mwenyewe. Ukoo mzima ukamfuata hadi kichakani, na mitego yote ikaondolewa mpaka miezi ya kuzaa ipite, jambo ambalo limekuwa kanuni yao tangu mwaka ule. Chini ya mkuyu Loisi aliukata ukingo wa tenga kwa kisu, kazi ya mikono yake, akapanua njia. Kindi alitoka polepole na tumbo lake, akapanda shina, akaingia tunduni. Loisi alilia machozi mbele ya watu wote na hakujifuta. Baba yake alisimama pembeni yake, ameweka mkono begani mwake, anautazama ule mti.

Wote wakamgeukia babu yangu, wakingoja awacheke. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Kefa alivua kofia yake.