Besi ya Papa

Harufu ya mawese yanayochemka ikinifikia, hata niwe napita tu mjini kwetu Rumonge kwa gari, masikio yangu hutangulia kusikia besi. Dum, dum-dum, dum. Kabla haijawa wimbo ninaoupenda kuliko nyimbo zote, ilikuwa sauti ya Papa akizungusha kinu.

Kama hamjawahi kuona kinu cha mkono, chikichi zilizochemshwa hutiwa ndani ya pipa, na watu wawili huzunguka wakisukuma mti mrefu unaozikandamiza mpaka mafuta mekundu yatoke. Wakikosa mwendo mmoja, hukanyagana. Ndiyo maana Papa aliimba besi kwa mdomo, polepole, na juu yake akaweka jina langu: Keza, Keza wa Papa, nyamaza Keza.

Kwetu mtoto hutungiwa wimbo wake wa kubembelezwa. Kaka zangu walitungiwa na mama. Mimi aliniacha nikiwa bado mchanga, tukiwa ukimbizini Tanzania, na Papa alinieleza mara nyingi kwamba wimbo wangu aliutunga yeye mwenyewe, besi na maneno. Sikuwa na picha ya mama wala kitenge chake. Nilikuwa na wimbo huo, na nilitamba nao mpaka kaka zangu wakachoka kunisikia.

Siku moja, nikiwa bado shule ya msingi, nilipita kwa Désiré, aliyekuwa akiweka nyimbo kwenye simu za watu sokoni. Spika yake ilikuwa inatoa besi yangu. Ile ile. Kisha juu yake ikaingia sauti ya mwanamke, nzito, yenye kukwaruza kidogo, akiimba kwa Kiingereza kama mtu aliyeachwa. Nikasimama katikati ya wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikatangaza kwamba huyo mama ni mwizi, amemwibia Papa. Wauza ndagala walicheka mpaka mmoja akakalia ungo wake.

Désiré hakucheka. Alitafuta kwenye kompyuta yake, akanipigia muziki mwingine, wa jazz, gita la besi likitembea peke yake bila mwimbaji.

"Mwenyewe ndiye huyu," akasema. "Iko ya zamani sana, Papa yako alikuwa bado mutoto. Yule mama alikata kipande, akaimba juu yake. Na jina ya mwenyewe ameliandika."

Nilikwenda mbio hadi kinuni, nikauliza bila adabu yoyote. Papa alisimamisha mti. Alijifuta mikono muda mrefu, na haikuwa na mafuta mengi kiasi hicho.

"Kulikuwa na kaseti kule kambini," akasema. "Mimi sikujua kutunga, Keza. Na weye ulikuwa unalia."

Nilihisi nimesalitiwa, na sijui neno jingine la kuweka hapo. Kaka zangu walikuwa wamepata mama. Mimi sikuwa hata na wimbo. Nilimpa mgongo nikalia, huku nikisubiri aanze, maana nikilia alikuwa anaanza. Hakuanza. Hakuuimba tena siku hiyo wala siku nyingine. Kinuni wakawa wanahesabu tu, moja, mbili, kama askari.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba Papa na yule mwimbaji walifanya kitu kimoja: walikuta besi ya mtu mwingine, wakaweka juu yake jambo lililokuwa linawauma. Ila yule alisema alikoitoa. Uongo wa Papa nimeshausamehe. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba alipoiacha besi aliyaacha na maneno pia, na maneno yalikuwa yetu kweli.

Siku hizi hasukumi tena. Hukaa kwenye benchi, vijana wakizungusha mti kwa nyimbo za simu. Nilipokwenda juzi walikuwa wameuweka ule wa yule mama. Nilimwona kwa mbali, besi ikianza, mguu wake ukipiga chini na midomo ikicheza. Nikaharakisha niyawahi maneno. Aliponiona, akafunga mdomo, akasogea ili nipate pa kukaa, akaniuliza habari za safari.