Mkuku wa Boti ya Baba

Juzi pale Nanyala walikuwa wanaziba mashimo ya barabara kuu, harufu ya lami ya moto ikaniingia puani mpaka nikakaa chini kwenye jiwe. Mjukuu wangu akadhani naumwa. Siumwi, mwili tu umechoka. Harufu ile ilinirudisha Ziwa Rukwa, kwenye boti ya baba.

Sisi ni watu wa milimani, Ikinga. Maji makubwa tulikuwa hatuyajui. Lakini baba aliwahi kufanya kibarua pwani mwaka mmoja, na mtu akishaiona bahari mwaka mmoja, basi, humwambii kitu. Tulipohamia bondeni, fundi wa boti alimuuliza: anataka ya chini bapa, au yenye mkuku, yaani ule ubao mrefu wa chini ya tumbo, unaoshika maji upepo ukivuma.

"Mkuku," baba akasema. "Bapa ni ungo, si boti."

"Mzee wangu, ukingo wa huku ni tope tupu."

"Maji ni maji, fundi."

Mama akasema taratibu, "Baba Tuse, msikilize mwenyeji." Tuse ndiye mimi. Bibi alikuwa akisema macho ya mgeni ni makubwa ila hayaoni, na siku ile macho ya baba yalikuwa makubwa kweli.

Kiangazi ziwa lile hurudi nyuma, likakuachia tope. Kila asubuhi baba alivuta kamba mbele, mama na mimi tukasukuma nyuma, tope mapajani, la vuguvugu kama uji uliochacha, na mkuku ukichimba mfereji. Wenye boti bapa walitupita wakiteleza.

"Mzee wa Ikinga! Mwaka huu unapanda mahindi au maharage?"

Nilicheka nao. Nakiri, nilicheka.

Siku moja mama aliteleza, akazama mpaka kifuani. Akainuka, akaendelea kusukuma. Jioni alifunga nguo zake na sufuria moja kwenye kanga, akaliweka furushi mlangoni.

"Kama ni kulima, Baba Tuse, kesho nakwenda kulima kwetu. Kule angalau panaota kitu."

Mimi nikalala nikiwaza nitamfuata nani.

Asubuhi tuliamshwa na msumeno. Baba alikuwa ameilaza boti ubavu, anaukata mkuku wake, jasho linamdondoka, na lami ya kuzibia inachemka kwenye kopo. Watu wakajaa.

"Mzee, sasa unamkata mgonjwa mguu?"

Baba akaendelea kukata.

Tangu siku ile boti iliteleza kwenye tope vizuri, ila upepo ukivuma ilikwenda upande upande kama mlevi. Baba akawa anavua karibu karibu tu, visamaki vidogo. Habari za bahari hakuzitaja tena. Mama alifungua furushi, akauburuta ule mkuku mpaka jikoni, akauweka juu ya mawe mawili, ukawa benchi lake la kusongea ugali.

Mimi, shule niliishia darasa la pili, mambo huniingia polepole. Miaka na miaka nilimngoja baba aseme, "Mama Tuse, nimekosa." Alikufa hajasema, nami nikamwekea kinyongo. Sasa nimezeeka ndiyo naelewa: mama hakuwa akingoja kitu. Lile neno alilisikia asubuhi ile ya msumeno, na kila siku alilikalia akisonga ugali.