Mume Mdogo wa Nyanya

Shangazi zangu hawakuhitaji kusoma chuo kikuu ili kujua ubaya wa mtu unatoka wapi. Kwao ulikuja na jina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na nyanya humwita "mume wangu", kwa mzaha na kwa mapenzi. Ni desturi tamu, ila babu yetu alikuwa katili. Alikuwa akimpiga nyanya mbele ya watoto, kisha anaketi kungoja chakula. Alikufa kabla kaka yangu hajazaliwa, na jina likamngoja mtoto.

Tuliishi mjini, mtaa wa Section 58, lakini shule zikifungwa tulipelekwa Bahati, kwenye shamba la nyanya. Nakumbuka siku zile mpaka moyo unaniuma: baridi ya asubuhi, viazi vilivyochomwa kwenye majivu, moshi wa kuni uliong'ang'ania sweta zetu hata tukirudi mjini wenzetu wanatucheka. Ningepewa siku moja tu ya kurudi nyuma, ningerudi pale, hata na viroboto wake.

Likizo moja kaka yangu, akiwa na pengo la meno ya mbele, alimfunga mbwa wa nyanya kwenye nguzo ya ua na kumchapa kwa fimbo huku akicheka. Shangazi waliokuwa wakimenya viazi wakatazamana.

"Si niliwaambia?" akasema mkubwa wao. "Ni yeye huyu. Amerudi na mkono wake."

Tangu siku hiyo walimchunga kama maziwa yaliyo motoni. Akinuna, ni babu. Akivunja kikombe, ni babu. Mimi nilivunja vikombe vingi kumshinda na hakuna aliyeuliza nimefanana na nani. Ilinikasirisha, na bado inanikasirisha. Tena baba mdogo, aliyepewa jina la babu yake mpole, mzaa mama, ndiye aliyekuwa akimpiga mkewe, na hilo halikumshangaza mtu. Walisema mke ana mdomo.

Nyanya hakubishana nao. Alimfungua mbwa, akamwita kaka yangu.

"Mume wangu, kuja. Ile mara ya kwanza hukuwahi kaa na mimi kwa jikoni. Sasa utakaa."

Basi likizo baada ya likizo akamlea mumewe upya. Alimfundisha kuchambua maharagwe, kumkamua ng'ombe bila kumuumiza, kumpa mbwa chakula kabla yeye mwenyewe hajala. Akikosea, alimweleza tena polepole. Sikuwahi kumsikia akimpandishia sauti. Nilimwonea kaka wivu wa kweli, maana wao wakicheka jikoni, mimi nilikuwa nimetumwa maji.

Amekua mtu mpole. Kama ni lile jiko lililomfanya hivyo au alizaliwa hivyo, siwezi kuapa. Mwenyewe hana uhakika. Aliwahi kuniambia kwamba hajawahi kumchapa mtoto wake hata kofi, si kwa wema, bali kwa woga.

"Nikianza, sijui kama nitaweza kuacha," alisema.

Nyanya sasa amezeeka sana, na kumbukumbu zinamtoka. Juzi mchana tulikwenda kumwona. Kaka alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, na jua la dirishani likawa linampiga nyanya machoni. Kaka akainua mkono kuvuta pazia.

Nyanya akajikunyata. Akajifunika uso kwa mkono na kusema, "Usinipige."

Kaka aliganda. Nilimwona mtu mzima mwenye mvi akigeuka kuwa yule mtoto wa pengo, na nikajua hasa anachowaza. Nilitaka kupiga kelele, "Shosho, si yeye, huyu ni mjukuu wako!" Lakini kaka alinitikisia kichwa. Akaweka bakuli chini na kupiga magoti mbele ya kiti.

"Nilikukosea," akasema. "Nisamehe."

Nyanya alimtazama kati ya vidole.

"Umechelewa," akasema.

"Najua."

Hapo ndipo aliposhusha mkono, akafungua mdomo, na kaka akachukua kijiko, akaendelea kumlisha.