Magoti Kwenye Intaviu

Mke wangu alipiga magoti kwenye zulia la ofisi, akainamisha kichwa, akawasalimia watu watatu waliokaa nyuma ya meza. Hawakuitikia. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje na mlango ulikuwa nusu wazi, nikaona yote. Kwao Buganda, mwanamke akikupigia magoti unamwitikia, anakuuliza habari za nyumbani, unamwitikia tena, ndipo anainuka. Basi yeye akangoja. Wale wakatazamana. Mkurugenzi ndiye aliyecheka kwanza.

"Mama, amka! Hii si sherehe ya kwanjula. Hatujaja kuoa."

Wengine nao wakacheka. Mke wangu akainuka polepole, ameshika ukingo wa meza yao, maana goti la kushoto lilikuwa linamsumbua. Hakuna aliyempa mkono.

Majina yao siandiki. Vyeo naandika, wenyewe watajijua: mkurugenzi, mwanamke msimamizi wa wafanyakazi, na yule mshauri aliyeletwa kutufundisha namna kampuni za siku hizi zinavyoajiri.

Sisi hatukuajiriwa hivyo. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, baba alitoka kaskazini, shule niliiacha mapema. Mke wangu naye hakuimaliza. Tulikuwa madalali wa miguu. Mtu akitaka chumba alitufuata Katwe, pale kwa mafundi wa vyuma, nyundo zinapiga kelele mpaka mnaongea kwa mikono. Mimi nilijua njia, yeye alijua watu. Nyumba nyingi nzuri za mji huu zilikuwa za wajane wazee ambao dalali hawamfungulii geti. Mke wangu alipiga magoti hapo hapo getini, kwenye vumbi, akasalimia mpaka yule mzee ndani acheke na kutafuta ufunguo.

Mwanzoni nilimtania. "Wewe utamaliza nguo zote kwa magoti."

"Na wewe utamaliza viatu, na hakuna mlango uliofunguliwa."

Baba wa huyu mkurugenzi ndiye aliyetuchukua. Alikuja Katwe mwenyewe, mzee wa koti kubwa, anatafuta watu wa kampuni yake ambayo wakati ule ilikuwa chumba kimoja tu. Mke wangu alipiga magoti katikati ya vyuma chakavu, akamsalimia. Mzee akaitikia mpaka mwisho, hana haraka. Kisha akanigeukia mimi: "Wewe sijui unajua nini, ssebo. Lakini huyu anajua kusalimia. Njooni wote kesho."

Intaviu yetu ilikuwa hiyo.

Mzee alipokufa, kijana wake akarudi kutoka masomoni ng'ambo, akasema biashara ya nyumba imebadilika. Hapo hakusema uongo. Watu sasa wanatazama nyumba kwenye simu wakiwa kitandani. Tangazo la kazi likatoka: digrii, Kiingereza safi, umri usiwe mkubwa, na uwe na wafuasi wengi mtandaoni. Sisi wa zamani tukaambiwa tuombe upya kazi zetu wenyewe.

Siku ile mke wangu alipiga pasi gomesi yake, gauni lake la sherehe. "Usiogope," aliniambia. "Huyu kijana namjua tangu anavaa kaptula. Atanikumbuka."

Kwenye benchi tulikaa na vijana waliokuja kuomba. Na hao sina ugomvi. Mmoja, ananukia vizuri, aliniuliza, "Mzee, hapa ni kuja ofisini kila siku?"

"Kila siku."

"Eh! Mimi siku mbili zinanitosha. Zingine nafanyia nyumbani."

"Nyumba za watu utazionyesha ukiwa kwako?"

"Video, mzee, video!"

Msichana aliyekaa karibu naye akadakia, "Mwache mzee, bambi maskini, yeye anaonyesha kwa soli."

Mke wangu alicheka na sisi. Yule kijana akatuambia ameandaa maswali ya kuwauliza: atapandishwa cheo lini, atapewa kompyuta gani, likizo ikoje. Mimi sikuwahi kujua kwamba mwenye kuomba kazi naye anauliza. Sisi tulijua kuomba tu. Mke wangu alikuwa bado anacheka walipomwita ndani.

Baadaye msimamizi wa wafanyakazi alituita wote wawili. Mimi wangenibakiza, niwe dereva wa kuwapeleka vijana kwenye nyumba. "Lakini mama hajiamini," alisema. "Mteja wa leo anataka mtu wa kumtazama machoni."

Mke wangu alikunja mkanda wa gomesi yake tukatoka.

Sasa anauza samaki Ggaba, sokoni. Mteja akija, anataja bei. Hasalimii. Wenzake wanadhani ana kiburi. Nyumbani naye ni hivyo hivyo, anaingia, anavua viatu, anakaa. Mimi nimekaa na mwanamke huyu miaka mingi, na sauti yake ya kusalimia nimeanza kuisahau.

Likizo iliyopita binti yetu wa mwisho alirudi kutoka shule ya bweni, akapiga magoti mlangoni kumsalimia mama yake, kama alivyofundishwa na yeye mwenyewe.

"Amka," mke wangu alimwambia. "Usimpigie mtu magoti tena. Hata mimi."

Mtoto akanitazama.

Najua nikiyaandika haya, gari lao ninaloendesha mpaka leo watanipokonya. Wachukue. Kazi zibadilike, nyumba ziuzwe kwa video, sikatai. Lakini wewe msimamizi wa wafanyakazi ni Muganda, mama yako alikufundisha magoti hayo hayo, na ulicheka. Wewe mshauri ulilipwa kupima watu, ukapima heshima ukaiita woga. Na wewe mkurugenzi, baba yako aliitikia salamu ile ile mpaka mwisho, kwenye vyuma chakavu. Njia ya Ggaba unaijua, Jumapili unakwenda kula samaki huko. Shuka garini, nenda kwenye meza yake, umwitikie. Kisha umwambie, binti yangu akisikia, ulikuwa unacheka nini.