Kona Tuliyomwachia Ndege

Debe tupu la mafuta ya kula lina sauti yake. Ukilipiga katikati hukohoa, ukilipiga pembeni hulia kwa ukali hadi meno yanakufa ganzi. Nililijua debe kabla sijajua kusoma, kwa sababu mtama ulipokomaa kazi yetu watoto ilikuwa kuamia, yaani kushinda shambani tangu alfajiri tukifukuza ndege. Shamba la Bibi lilishuka hadi karibu na Ziwa Kitangiri, upande wetu wa Iramba, na asubuhi upepo ulituletea harufu ya tope na samaki iliyochanganyika na ya mtama wenye umande. Kaka yangu Kiula alikuwa na kombeo. Mimi, mdogo tena msichana, nilipewa debe.

Anayeamia hapaswi kumchunguza ndege. Hutazama shamba zima kwa pamoja, na chochote chenye mabawa ni mwizi mpaka kiondoke. Hapo ndipo nilipokuwa nashindwa. Nikimwona ndege nataka kujua miguu yake ina rangi gani, na huku kweleakwelea wanakula. Tena neno langu halikuwa na uzito pale nyumbani. Mwaka uliotangulia nilipiga yowe la chui, wanaume wakatoka na marungu, wakamkuta mbwa wa jirani akitafuna mfupa. Tangu siku hiyo Kiula aliniita Mama Chui.

Asubuhi moja nilimwona ndege amesimama kwenye tope, pale kona ya chini ya shamba inapokutana na ziwa. Ndege weupe wa ziwani nilikuwa nawafahamu, wale wadogo wenye kichwa cha kijivu. Huyu aliwazidi mbali kwa ukubwa, na kichwa chake kilikuwa cheusi kama chungu kilichotoka jikoni.

“Bibi, kuna ndege sijawahi kumwona!”

“Mama Chui huyo!” Kiula akacheka. “Leo chui ameota manyoya.” Kisha akamwona mwenyewe, akatia jiwe kwenye kombeo. “Mkubwa hivyo? Hicho ni kitoweo.”

Nilimshika mkono. Mjomba wetu, dereva wa lori wa njia ya Dar es Salaam, alikuwa amelala Shelui, si mbali na kwetu, na aliahidi kuja kula nasi mchana. Ndege wa baharini alikuwa anawajua. Nilitaka amwone huyu, ili kwa mara moja niaminiwe.

Hapo kweleakwelea wakaja, kundi zima kama moshi, wakatua juu ya mtama wa kona ileile. Nikipiga debe, mgeni wangu ataruka na neno langu litaruka naye. Nisipopiga, chakula chetu kinaliwa. Nikabaki nimeinua kijiti, namtazama Bibi.

Bibi alishuka kutoka ulingoni, kile kichanja tulichosimama kuangalia shamba. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Alikinga jua kwa kiganja, hakuona zaidi ya weupe.

“Mdomo wake ukoje?” akaniuliza.

“Wa njano, Bibi. Karibu na ncha umefungwa utepe mweusi, halafu nchani una wekundu.”

“Na wale wa kila siku?”

“Wao mdomo ni mwekundu wote.”

Bibi akamgeukia kaka yangu. “Kiula, weka kombeo chini. Kona hii leo haipigwi debe.”

“Bibi, watamaliza mtama!”

“Waache wale. Niliyelima ni mimi.”

Huo mtama ndio uliokuwa ugali wetu hadi mavuno mengine. Tulilinda kwingine kote, na hadi mchana masuke ya kona yalikuwa yamebaki vipara. Kila nilipoyatazama nilihesabu sufuria za ugali tulizopoteza, na kila nilipomtazama Bibi nilijiona nimerefuka.

Mjomba alipofika tulimwamkia shikamoo, nikamvuta hadi topeni na viatu vyake vya safari. Alitazama muda mrefu.

“Wa Dar nawajua, wale wanaonyang'anyana samaki pale feri. Huyu si wao. Huyu hata mimi sijawahi kumwona.”

“Kwa hiyo ni kweli?” Kiula akauliza.

“Unaniuliza mimi? Macho yako umeyaacha nyumbani?”

Yule ndege akafungua mabawa, akakata juu ya maji na kupotea. Majirani walipouliza kona ile imepatwa na nini, Bibi aliwajibu kwa sauti ya kusikika mbali: “Mjukuu wangu alipata mgeni.”

Nilipokuwa chuoni nilikutana naye kwenye kitabu cha ndege: shakwe mkubwa mwenye kichwa cheusi, anayetaga kando ya maziwa ya bara la Asia na kukimbilia pwani zenye joto wakati wa baridi. Kumkuta bara huku kwetu ni jambo la nadra sana.

Leo mimi ni mwalimu mjini Kiomboi. Watoto wengi sasa msimu wa kuamia wako darasani, na nafurahi. Ndege yule angetua leo, Kiula angempiga picha kwa simu na kabla ya chakula cha mchana kijiji kizima kingeamini. Ni vizuri. Ila Bibi aliniamini bila picha na bila macho, akalipia kwa mtama wake. Ndiyo maana mtoto akisimama darasani kusema ameona kitu, na wenzake wakaanza kucheka, naweka chaki chini, nasubiri kimya kirudi. Kisha namuuliza kama Bibi alivyoniuliza: “Mdomo wake ukoje?”