Mama anayelia kwenye filamu ya Wakorea ni mimi

Filamu ya vita ya Wakorea imetoka kwa Kiswahili, na yule mama anayelia stesheni ya treni ni mimi! Sauti yangu, kwikwi zangu, na wala sikuulizwa.

Assalaam alaykum wapenzi wa ukurasa huu. Nimewaanza na moto, mnisamehe. Mwenye ukurasa, nifichie jina, maana hapa Mawaleh, Maskati, nnajulikana. Mie ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, mzaliwa wa Unguja. Nna wana wawili, mashaallah, nao nitawaita Nassor na Sulaiman, si majina yao. Nassor, mkubwa, anapaka rangi magari kwenye gereji moja mtaa wa Ghala. Gari iliyogongwa akishaishika yeye, mwenye gari huizunguka akitafuta palipobonyea asipaone. Sulaiman ndiye msomi, kompyuta anaichezea kama mie ninavyosukuma chapati. Mie niliishia darasa la nne, lakini kuzaa nilijua.

Basi duka moja la video la mtaa wa Ghubra lilimpa Sulaiman kazi ya kuitia filamu hiyo sauti za Kiswahili, diski ipelekwe majumbani kwa watu wetu. Ni hadithi ya ndugu wawili na mama yao wakati wa vita. Nilitangaza mlango kwa mlango. Jirani yangu Bi Zuwena akanambia, "We, mwanao kajifunza lini Kikorea?" Nikamjibu, "Na wako kajifunza lini kulala mpaka adhuhuri? Kila mtu na kipaji chake." Kweli yenyewe Sulaiman alisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, lakini hilo halikumhusu. Nikaalika mtaa mzima waje waitazame kwangu.

Jumatatu baada ya alasiri, Sulaiman hayupo, nikaiweka diski nionje kabla ya wageni. Ikafika stesheni. Mama wa Kikorea kampakia treni mtoto mdogo, mkubwa kamwacha chini na bibi yake. Akafungua mdomo, nikasikia: "Mwanangu, karatasi zenu zote mbili zilikuwa tayari. Hakuna aliyekukataa. Mie ndiye niliyekuacha." Sikutafuta hata rimoti, nilichomoa waya ukutani.

Niwaeleze. Baba yao alifariki wangali wadogo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaposwa na bwana wa hapa Maskati. Karatasi za watoto zilitoka zote. Lakini bwana akanambia kwenye simu, "Njoo na mdogo tu. Mkubwa anamkumbuka baba yake, hatonipenda." Nassor alikuwa na miaka saba. Nikamwambia mtoto kwamba karani wa pasi kamkataa, nikamwachia mama yangu Unguja. Miaka tisa, jamani, ndipo naye akaja huku.

Siku hizo tukipelekeana kanda. Unajirekodi salamu, unampa msafiri. Nassor nilimpelekea nyingi, za "kula vizuri, msikilize bibi." Moja nilisema kweli yote nikilia, nikashindwa kuituma. Nikaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na kanda za harusi, mpaka nikaisahau. Mwaka huu Sulaiman akanambia, "Mama, nipe kanda za zamani nizitie kwenye kompyuta zisije zikaharibika." Nikampa kopo zima kwa mkono wangu huu.

Aliporudi nikamuuliza, "Umenivua nguo mbele ya watu, kwa nini?"

"Mama, nilijaribu wanawake watatu. Wote wakilia kama wanatekenywa. Na majina nimeyakata, watu watamuona Mkorea tu."

"Nassor atanijua!"

Akasema, "Basi na ajue. Kila Idi kaka anatuchekesha na yule karani, nami nnacheka naye. Tangu nisikie kanda ile, siwezi tena kucheka."

Maana Nassor ana mzaha wake. Husema, "Siku nikikutana na karani yule, nitampaka rangi mwili mzima, tabaka tatu!" Sote hucheka. Mie hucheka kuliko wote. Na marehemu mume wangu, huyo bwana wa Maskati, Nassor alimwita baba. Siku ya maziko ni yeye aliyeshuka kaburini kumlaza, na mpaka leo humuombea dua. Sasa nimwambie kwamba aliyemkataa ni huyo huyo, na mie niliitikia?

Nimemwambia Sulaiman aikate sehemu ile. Anasema, "Nitaikata ukishamwambia mwenyewe." Mtoto niliyempandisha ndege kwa kumwacha mwenzake ndiye leo ananiwekea masharti! Nimelia kwa hasira, halafu nikalia kwa kuwa kasema kweli.

Jana Nassor kanipigia simu, furaha tele. "Mama, nimeomba ruhusa kazini. Nnaleta ile televisheni kubwa ya gereji. Na kiti cha mbele ni changu, mtu asikikalie, nataka nisikie kazi ya mdogo wangu neno kwa neno."

Wenzangu, nishaurini. Nizushe maradhi niwarudishe watu? Nimwite Nassor nimwambie kwa mdomo wangu, nikimpoteza nimpoteze? Au ninyamaze, nikae kando yake, aisikie kwa Mkorea? Mwenye la kusema aseme upesi. Bi Zuwena keshanunua halua, viti vya kukodi vishafika uani, na wote wanakuja Ijumaa hii, baada ya sala.